Mkopo wa Siku Saba na Ujumbe Aliotumiwa Shangazi: Tathmini ya Huduma ya Kukopa kwa Simu

Tathmini hii inahusu huduma ya kukopa kwa simu niliyoitumia mwaka jana jijini Dar es Salaam kwa muda wa siku 11. Jina lake silitaji, kwa sababu zipo nyingi zinazofanya kazi kwa mtindo uleule, na mtindo huo ndio ninaotaka kuupima: namna ya kudai deni ambayo mitaani imeifanya mikopo hii iitwe kausha damu. Kipimo nitakachokitumia si cha kawaida katika tathmini za huduma, kwa hiyo ni haki msomaji akijue mapema. Mimi ni mfuasi wa falsafa ya ulibertari, inayofundisha kwamba mtu ana mamlaka kamili juu ya mwili wake na mali yake, na kwamba sheria ina haki ya kutumia nguvu pale tu mtu anapoanza kumvamia mwenzake, kumwibia, kumlaghai, au kumtishia kwamba atamdhuru. Kwa miaka kadhaa nimewatetea wakopeshaji hawa mbele ya ndugu na marafiki, nikisema kwamba hakuna aliyeshikwa mkono akapelekwa kukopa. Nilipotukanwa na kutishiwa na watu niliokuwa nikiwatetea, niliona nina wajibu wa kujiuliza bila kujipendelea: je, walinivamia?

Nianze na mazuri, kwa sababu yapo. Siku ya Ijumaa kompresa ya jokofu la duka langu la vinywaji ilikufa, na fundi akataka shilingi 150,000 taslimu kabla hajafungua hata skrubu moja. Programu ilikuwa kwa Kiswahili kinachoeleweka tangu ukurasa wa kwanza. Iliniomba namba ya NIDA, ikaniomba nijipige picha nikiwa nimeshika kitambulisho chini ya kidevu, na fedha zikaingia kwenye simu kabla fundi hajamaliza chai yake. Hakuna benki ambayo ingenihudumia kwa kasi hiyo bila dhamana, na mtu anayewabeza wanaokopa huko hajawahi kuona soda zikichemka ndani ya jokofu bovu mwezi wa Februari.

Nilikuwa nimeomba shilingi 200,000. Ziliingia 148,000, kwa kuwa 52,000 zilikatwa papo hapo kwa jina la ada ya huduma, na marejesho yakawa 206,000 ndani ya siku saba. Ujumbe wa tangazo ulikuwa umetaja siku 91. Hata hivyo, ukurasa wa mwisho, kabla ya kitufe cha kukubali, ulionyesha kiasi na tarehe halisi kwa herufi ndogo. Niliviona na nikabonyeza. Kwa hiyo gharama hiyo, ingawa ni kali, sitaihesabu kuwa ulaghai. Niliuza wiki moja ya jasho langu kwa bei niliyoikubali mwenyewe.

Ujumbe wa kwanza wa kudai ulikuja siku ya sita, saa moja asubuhi, siku nzima kabla ya tarehe: "Lipa leo kabla hujaumbuka." Siku ya saba ilipita sikuwa na fedha kamili. Siku ya nane alipiga mwanaume ambaye hakujitambulisha, akanitukana matusi ya nguoni ambayo siwezi kuyaandika hapa, akamtaja na marehemu mama yangu, kisha akakata simu. Siku ya tisa, mchana, nililetewa picha yangu mwenyewe. Ni ileile niliyojipiga nikiomba mkopo: kitambulisho chini ya kidevu, na nyuma yangu mlango wa jokofu ukiwa wazi. Juu yake yaliongezwa maneno mekundu, "TAPELI ANATAFUTWA", na chini yake wakaandika: "Ikifika saa 10 jioni hii inakwenda kwa watu wako wote. Lipa, tunaifuta." Baada ya nusu saa ukaja ujumbe mwingine: "Tunajua unapokaa, vijana wako njiani."

Hakuna vijana waliokuja. Picha ndiyo iliyokwenda, saa 10 na dakika chache, kwa fundi jokofu, kwa mwalimu wa mwanangu, kwa mwenyekiti wa kikoba chetu, na kwa shangazi yangu anayeishi Muheza. Shangazi yeye aliongezewa na maelezo yake peke yake, kwamba nilimwandikisha kuwa mdhamini wangu na kwamba deni likilala litadaiwa kwake.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Nimegundua kwamba kwa Kiswahili ugumu unaanza kwenye jina la kosa. Wanaoieleza falsafa hii kwa lugha yetu mara nyingi husema kwamba ni marufuku kuanza uchokozi. Lakini kwetu neno uchokozi limebeba na maneno ya mdomo: mtoto akimwita mwenzake jina baya, mama husema amemchokoza, na atakayepigwa kwa sababu hiyo huambiwa aliyataka mwenyewe. Tukilishika neno hilo, tusi limekwisha kuhukumiwa kabla kesi haijasikilizwa. Wanafalsafa wenyewe wanakusudia jambo jembamba zaidi, yaani kuuingilia mwili au mali ya mtu bila ridhaa yake, na neno linaloligusa vizuri ni uvamizi. Nimeamua kutumia uvamizi, ingawa najua kwamba kwa kufanya hivyo nimejinyima nusu ya malalamiko yangu.

Tena kanuni hiyo inaanza kwa kunishitaki mimi. Murray Rothbard, mwanauchumi wa Marekani aliyefariki mwaka 1995 na ambaye wengi humhesabu kuwa ndiye aliyeipa falsafa hii sura yake kali, alishikilia katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1982 kwamba mdaiwa aliyepokea fedha kwa ahadi ya kurejesha, kisha siku ikafika asirejeshe, anakaa na mali ya mtu mwingine, na kwa maana hiyo hana tofauti kubwa na mwizi. Kuanzia siku ya nane, basi, shilingi 206,000 hazikuwa zangu. Ninalikubali hilo na sitaki kulizungushia maneno. Lakini mwandishi huyohuyo alifundisha pia kwamba anayejilinda au kudai haki yake asizidishe kuliko kosa lenyewe: anayedai fedha apewe fedha zake na fidia ya kuchelewa, na akizidisha hapo, yeye ndiye anayekuwa mvamizi. Na ule ujumbe wa siku ya sita ulitumwa wakati sidaiwi na mtu.

Juu ya matusi, nimekaa nayo muda mrefu na jibu langu ni kwamba si uvamizi. Yalinikosesha usingizi. Kutajwa kwa mama yangu, ambaye hakuwahi kudaiwa hata senti moja katika maisha yake, kulinifanya nikae nje ya mlango usiku ule mpaka muadhini alipoadhini. Hata hivyo, yule mtu hakuchukua kitu changu. Maneno yake yaliingia sikioni, na mimi nilikuwa na uwezo wa kukata simu kabla hajaikata yeye. Rothbard alikwenda mbali zaidi akasema kwamba hata jina jema si mali ya mwenye jina, kwa kuwa linakaa katika vichwa vya watu wengine, na hakuna mtu anayemiliki kichwa cha mwenzake. Ukiikataa hoja hiyo, itakubidi ukubali kwamba na mimi sina ruhusa ya kuwaambia watu kwamba mkopeshaji fulani ni mkatili, kwani nitakuwa ninalipunguza jina lake. Kinga ambayo falsafa yangu inaniachia dhidi ya mwenye matusi ni kumfungia namba, kumnyima biashara yangu, na kuwatahadharisha wengine. Tathmini hii ni sehemu ya kinga hiyo.

Ujumbe wa vijana walio njiani hauhitaji mjadala. Kumtishia mtu kwamba atadhuriwa kunahesabiwa pamoja na kumdhuru, hata kwa wale wenye kanuni kali kabisa, kwa sababu anayetishwa hivyo hana tena uchaguzi wa kweli. Yawezekana kwamba vijana hao hawakuwahi kuwepo. Mimi sikulijua hilo nilipokuwa nikikomea madirisha.

Ugumu uko kwenye picha na ile saa 10 jioni. Kumtoza mtu fedha kwa kumtishia kwamba utaitoa siri yake ni kosa la jinai karibu kila mahali, lakini kwa walibertari ni mahali pa ubishi wa miaka mingi. Mwaka 1976 Walter Block, naye ni mwanauchumi wa Marekani, alijitokeza kuitetea biashara hiyo ya ukimya. Hoja yake si ya kupuuzwa. Mbea anapojua siri yako, huitangaza bila kukuuliza; anayetaka fedha ili anyamaze angalau anakupa nafasi ya kuinunua siri yako. Kuisema siri ni halali, kuomba fedha ni halali, na kumwambia mtu kwamba utafanya jambo ambalo una haki ya kulifanya ni halali. Je, haramu inatoka wapi pale halali tatu zinapokutana?

Nimekuwa nikiirudia hoja hiyo kwa ushujaa katika mabishano, na nakiri kwamba nilipoiangalia picha yangu yenye maneno mekundu ilinishinda kuirudia. Aliyenisaidia kuelewa sababu ni Robert Nozick, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1974 aliweka kipimo kimoja chepesi. Katika biashara ya kweli mnunuzi hupata kitu ambacho asingekipata kama muuzaji asingekuwepo. Nikinunua mkate, bila muokaji ningelala njaa. Lakini anayenunua ukimya wa mtu aliyemtishia hapati chochote zaidi ya alichokuwa nacho kabla mtu huyo hajajitokeza katika maisha yake. Analipa ili arudi alipokuwa. Kwa mkopo wangu tofauti ilikuwa wazi. Kulikuwa na biashara mbili zilizovaa nguo moja. Katika ya kwanza nilipata jokofu linalofanya kazi, na deni lake nilidaiwa kihalali. Katika ya pili niliuziwa kufutwa kwa picha ambayo, kama wao wasingeitengeneza, isingekuwepo duniani.

Mtetezi wa Block ataniambia kwamba mfano wangu ni mwepesi kuliko ule wa mwenye kutoza kwa siri, maana mkopeshaji alitaka kilicho chake, na mwenye kutoza kwa siri hutaka kisicho chake. Hilo lina uzito. Kama mkopeshaji angemwambia fundi, kwa ulimi wake, kwamba nimechelewesha deni, angekuwa amesema kweli na nisingekuwa na la kujibu. Lakini picha ile niliitoa kwa sharti. Masharti ya huduma, ambayo niliyasoma kwa ukamilifu baada ya mambo kuharibika, yanasema kwamba taarifa za mteja zitatumika kuhakiki utambulisho wake na kupima uwezo wake wa kulipa. Hapakuwa na mstari unaosema zitatumika kumtangaza. Aliyepewa kitu kwa kazi moja akakitumia kwa kazi nyingine amevunja makubaliano, na falsafa inayojengwa juu ya makubaliano haiwezi kulifumbia macho jambo hilo.

Na zile namba za simu, nani alizitoa? Nilizitoa mimi. Simu iliniuliza kama ninairuhusu programu ifikie anwani zangu, chini pakiwa na "Ruhusu" na "Usiruhusu", na nilipogusa la pili ukurasa haukuendelea. Nikagusa la kwanza. Hapo ndipo nilipotoa kisicho changu. Shangazi alinipa namba yake ili nimpigie wakati wa Idi na wakati wa msiba. Hakunipa mamlaka ya kuiweka rehani. Tangu tarehe 31 Mei 2023 Google imezipiga marufuku programu za mikopo binafsi zilizo katika duka lake kugusa majina na picha zilizomo kwenye simu ya mteja. Hii niliipakua kwa kiungo kilichokuja kwa ujumbe mfupi, nje ya duka hilo, na ninamsihi kila msomaji asifanye hivyo hata akiwa na shida ya namna gani.

Shangazi alinipigia usiku uleule. Nilimwamkia, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikilizwa, kisha akasema: "Mwanangu, mimi dole gumba nimeweka wapi?" Nilimweleza kwamba hakuweka popote na kwamba hana deni. Akakaa kimya kidogo, akasema alikuwa amekwisha kutuma. Alipelekewa namba ya kulipia pamoja na ujumbe, na alituma shilingi 30,000 za machungwa aliyouza wiki ile ili mtoto wa kaka yake asikamatwe.

Hapa sihitaji Nozick tena. Kumdanganya mtu kwamba amesaini kitu ambacho hakukisaini, ili atoe fedha zake, ni ulaghai, na ulaghai ni wizi hata kwa Rothbard katika siku yake ya ukali kuliko zote. Nilipolipa siku ya 11, deni lilisomeka kamili pamoja na faini. Zile 30,000 hazikuonekana popote. Kwa muda wote niliokuwa nikijipima mimi na kuuliza kama nimevamiwa, aliyevamiwa wazi kabisa alikuwa mtu ambaye hakukopa wala hakubonyeza kitufe chochote.

Ni vizuri nieleze kwamba aibu yenyewe siihesabu kuwa kosa, maana nimewahi kuionja mahali ambapo ilikuwa ya haki. Katika kikoba chetu, anayechelewesha rejesho husomwa jina lake mbele ya wanachama wote, hutozwa faini, na mdhamini wake, akiwa ameketi palepale, huulizwa atafanya nini. Niliwahi kusomwa. Masikio yaliniwaka na niliinamisha kichwa mpaka kikao kikaisha. Lakini katiba ya kikundi tuliisomewa kwa sauti siku ya kujiunga, nikaitia saini nikijua kilichomo, na mdhamini wangu alisimama mwenyewe akasema namdhamini. Uchungu ulikuwa uleule; ridhaa ndiyo iliyotofautiana.

Kuhusu serikali nitasema kwa kifupi. Kenya ilitoa kanuni za watoa mikopo wa kidijitali mwaka 2022, zinazokataza vitisho, lugha chafu, na kuwasiliana na watu walio katika orodha ya simu ya mkopaji kwa ajili ya kudai deni. Na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data nchini humo ilimtoza mkopeshaji mmoja shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kuyatumia majina na namba za watu namna hiyo. Hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali chake. Mlibertari ana sababu ya kusita mbele ya orodha za vibali, na katazo la lugha chafu mimi siliungi mkono kwa sababu nilizozieleza hapo juu. Lakini katazo la kuzigusa namba za watu wasiohusika ni ulinzi wa ridhaa ya mtu, kazi ambayo hata dola ndogo kabisa tunayoiota ingetakiwa kuifanya.

Huduma hii ninaipa nyota moja kati ya tano, na nyota hiyo ni ya kasi ya kutoa fedha. Anayelazimika kukopa kwa simu akague kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na ukurasa ukigoma kuendelea bila kupewa anwani, afunge simu akamwombe fundi siku mbili. Mimi sikumwomba. Baadaye aliniambia angenipa nne.

Shangazi nilimrudishia shilingi zake 30,000 na nauli ya kwenda mjini kwa wakala. Alizipokea, akaniuliza jambo moja tu, kama wale watu bado wanayo namba yake. Programu nilikwisha kuifuta kwenye simu yangu wiki mbili kabla. Nikamwambia ndiyo, shangazi, bado wanayo.